Kuvuka Malagarasi: hongo, manamba na upembuzi yakinifu

Ukifuatilia Bunge kipindi cha maswali na majibu, hii utaisikia mpaka uikariri. Mbunge anasimama, anauliza daraja la jimboni kwake litajengwa lini. Naibu Waziri anasimama, anampongeza kwa kufuatilia maendeleo ya wananchi wake, kisha anasema upembuzi yakinifu unaendelea na ujenzi utaanza pindi fedha zitakapopatikana. Mbunge anakaa. Mwaka unaofuata swali ni lile lile na jibu ni lile lile. Sisi waandishi wa habari hapo kalamu huwa zimelala. Ukipeleka stori ya upembuzi yakinifu chumba cha habari, mhariri anakutazama juu ya miwani na kukuuliza: "Sasa habari iko wapi?" Daraja likibebwa na maji, hiyo ndiyo habari, tena ya ukurasa wa kwanza.

Mimi naona habari iko ndani ya huo upembuzi wenyewe. Humo ndimo inapoamuliwa kama daraja la zamani litiwe viraka, liimarishwe, au liachwe na kujengwa jingine pembeni. Na kwa mtu wa Kasulu au Kibondo, humo humo ndimo inapoamuliwa kwamba safari zake zina thamani ya shilingi ngapi. Sitanii. Ngoja nieleze, ila itabidi nianzie mbali kidogo, mtoni.

Malagarasi ni mto wa ajabu. Unaanzia kwenye milima ya mpakani na Burundi, na kwa sehemu fulani wenyewe ndio mpaka. Ziwa Tanganyika liko pale magharibi, si mbali. Mto wenye haraka ungeteremka moja kwa moja. Huu unalipa ziwa mgongo, unashika njia ya mashariki kupitia nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, unakwenda kuzama kwenye mabwawa makubwa ya Moyowosi, unaibukia kusini, na hapo ndipo unapokumbuka ziwa: unageuka magharibi, unapita Uvinza na kumwaga maji yake Tanganyika. Ni kilomita kama 475 za kuzunguka. Maana yake, Buha, yaani nchi ya Waha, imekumbatiwa na mto mmoja. Anayetoka Kasulu kwenda Kibondo, na kutoka hapo kwenda Nyakanazi, Kahama na kwingineko, anauvuka huku juu. Anayetoka Kigoma kwenda Tabora anauvuka kule chini. Usipouvuka, umebaki nyumbani.

Na kuuvuka kuna bei tangu zamani. Richard Burton na John Speke walipita upande wa chini mwezi Februari 1858, wakavushwa kwa mitumbwi, wakalipa. Mwaka 1871 akaja Henry Morton Stanley akimtafuta Livingstone. Kwanza ilibidi abishane na watu wa mtawala wa Uvinza juu ya vitambaa vya hongo. Alipomaliza kulipa hongo, wenye mitumbwi nao wakadai chao. Punda wake mmoja, ambaye jina lake lilikuwa Simba, akanyakuliwa na mamba wakati akiogeleshwa. Jina halikumsaidia. Huko mbele, ndani ya Uha, watawala nao wakataka hongo, moja baada ya nyingine, mpaka Stanley akaamua kupita kwa kuibia usiku, msafara mzima ukinyata.

Katika vitabu vyao wasafiri hawa wanalalamika juu ya ulafi wa machifu. Mimi nikisoma naona kitu kingine kabisa. Pale mtoni palikuwa na huduma: mitumbwi, wapiga kafi wanaojua mkondo, na mtawala anayehakikisha mgeni hatoswi. Huduma ina bei, na hongo wakati ule lilikuwa jina la ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu. Namna neno hilo lilivyogeuka kuwa rushwa ni stori ya siku nyingine, ingawa najua kuna wakandarasi ambao wakiliona kwenye aya moja na neno daraja watasogea kidogo kwenye kiti.

Wenyeji nao walikuwa na safari zao ambazo hazikumsubiri Mzungu. Chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi, wanaakiolojia wameonyesha kwamba ina historia ya zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi hiyo ilisafiri. Ilipanda milima ya Buha kichwani na mabegani mwa watu. Kwa hiyo usafiri ulikuwepo na biashara ilikuwepo. Naomba msomaji aiweke kumbukumbu hiyo mfukoni, tutaihitaji baadaye.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, Wajerumani wakiwa wamebakiza miaka michache tu ya kutawala. Walipoingia Waingereza, Buha haikuonekana kama mahali pa kulimia mazao ya kuuza nje. Ilionekana kama mahali pa kuchukulia watu. Waha walikwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro kwa maelfu, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, ambacho wazee wengi wa Kigoma wanalijua jina lake mpaka leo. Kibarua alipewa namba, ndiyo hao tunaowaita manamba. Kabla ya hapo, miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imehamisha watu kwa sababu ya malale na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja, Kibondo ikiwa mojawapo ya sehemu hizo.

Sasa fikiria barabara na daraja la nchi ya namna hiyo. Pamba ina marobota, kahawa ina magunia, na mizigo hiyo inadai lori na daraja la kulibeba. Manamba hana tani. Anatembea kwa miguu, au anapakiwa na wenzake nyuma ya gari dogo hadi kituo cha treni. Ndiyo maana nasema ramani ya barabara tuliyorithi kule ilichorwa kwa ajili ya kumtoa mtu, haikuchorwa kwa ajili ya kuingiza wala kutoa mali. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuhamishia watu vijijini, na watu wakasogezwa kando ya barabara. Walisogezwa wao. Barabara ilibaki vile vile.

Halafu mwaka 1993. Mwezi Oktoba Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi kwa maelfu wakamiminika Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikaleta Wakongomani, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena juu ya muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza, kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, na Nyarugusu ikapita watu laki moja. Watu wengi kiasi hicho wanakula kila siku. Chakula kilishushwa kwenye treni Isaka, kikapakiwa kwenye malori, kikaja kwa barabara ya vumbi. Baba yangu mdogo alikuwa utingo wa malori hayo miaka ya tisini. Anasema kwenye kila daraja dereva alimteremsha atangulie kwa miguu, aangalie mbao na tuta, kisha ampungie mkono. Huyo alikuwa ndiye mkaguzi wa madaraja. Hakuwa na nyundo wala daftari, alikuwa na kandambili.

Madaraja ya enzi za lori la tani saba yakawa yanabeba malori yenye trela. Leo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu gari lenye ekseli za kutosha kufika tani 56. Daraja lenyewe halikuulizwa.

Haya, sasa twende kwenye upembuzi. Neno lenyewe nalipenda. Kupembua ni kazi ya ungo: unarusha nafaka, unatenganisha punje na pumba. Yakini ni uhakika. Kwa hiyo kwa Kiswahili chetu, upembuzi yakinifu ni kupeta mpaka uwe na hakika. Wahandisi wanapokwenda kwenye daraja kuukuu wanapeta nini?

Kwanza wanatafuta michoro ya zamani, na mara nyingi haipo. Kwa hiyo daraja linasomwa lenyewe kama mgonjwa asiye na cheti. Zege linagongwa, linasikilizwa. Linatobolewa, kipande cha mviringo kinatolewa na kwenda kupondwa maabara ili kujua kina nguvu kiasi gani. Kuna kipimo kimoja kizuri sana kwa wepesi wake: zege lililotoka kuvunjwa linapuliziwa dawa iitwayo fenolfthaleini. Penye afya panageuka rangi ya waridi. Pasipogeuka rangi, hewa imeshapenya na kulichosha zege, na nondo za ndani hazina tena kinga dhidi ya kutu. Ukiona rangi ya waridi inaanzia ndani zaidi ya zilipo nondo, hapo hesabu ya kutia viraka inaanza kuwa ngumu.

Kisha wanachoronga ardhi. Nyundo ya kilo 63.5 inaachiwa kutoka urefu wa sentimita 76, tena na tena, na mtu anahesabu imepigwa mara ngapi ili mrija uingie sentimita 30. Ardhi laini inajitaja yenyewe. Kwenye mto unaokatiza mabonde yenye matope, majibu ya nyundo hiyo ndiyo yanayosema nguzo zishuke mita ngapi, na hapo ndipo fedha nyingi zinapozikwa, kihalisi.

Lakini adui mkubwa wa daraja la mtoni ni maji yanayochimba chini ya nguzo. Uzito wa malori unakuja baada yake. Mwaka 1987 daraja la barabara kuu juu ya mto Schoharie, jimbo la New York, lilianguka kwa namna hiyo na kuua watu 10. Juu lilionekana zima. Sisi kwetu mara nyingi hata nguzo haziguswi, linaondoka tuta la kuingilia. Januari 2014 pale Dumila, Morogoro, mafuriko yalikata kingo ya daraja na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikafungwa, daraja likiwa limesimama. Machi 2020 ikawa zamu ya Kiyegeya, Gairo, barabara ile ile. Daraja limesimama katikati ya maji kama kisiwa, na abiria wako ng'ambo mbili wanatazamana.

Ndiyo sababu swali la kwanza la mhandisi mzuri huwa ni mto umewahi kufika wapi. Hapa kuna usemi unaowadanganya hata wanahabari wenzangu: "mafuriko ya miaka mia". Mtu anadhani yakija leo hayarudi mpaka wajukuu wazeeke. Maana yake halisi ni mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi moja kati ya mia ya kutokea. Fanya hesabu kwa daraja litakaloishi miaka 50: uwezekano wa kukutana nayo walau mara moja ni karibu asilimia 40. Na ili hata ujue mafuriko hayo ni ya ukubwa gani, unahitaji vipimo vya mto vya miaka mingi, asubuhi kwa asubuhi. Malagarasi ya huku juu na ile ya chini hazifanani pia. Ya chini imepita kwenye mabwawa ya Moyowosi, ambayo yanameza maji na kuyaachia taratibu kama sifongo. Ya juu inapokea vijito vya milimani moja kwa moja, haina wa kuizuia. Usichukue namba za Uvinza ukazipeleka Kibondo.

Kuna upembuzi mwingine nataka niutaje kabla sijafika ninapokwenda, wa Daraja la Wami kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera. La zamani lilijengwa 1959, jembamba, magari yanapishana kwa kusubiriana, na barabara inalishukia kwa mteremko wenye kona. Watu wengi wamefia pale. Ungeweza kuliimarisha lile lile likabeba tani zozote unazotaka, na vifo vingeendelea, maana ugonjwa ulikuwa kwenye mteremko na kona. Jipya, lililoanza kutumika 2022, lina urefu wa mita 513.5 na barabara yake haishuki tena bondeni kama ile ya zamani. Upembuzi ulipanua swali.

Sasa tufike kwenye kipengele ambacho mimi, kama mtu asiye mhandisi, nakiona ndicho chenye ugomvi: kuhesabu magari. Vijana wanakaa kando ya barabara na karatasi, siku kadhaa, mchana na usiku, wanachora vijiti: basi, lori, gari dogo, pikipiki. Namba hizo zinaingia kwenye kompyuta. Faida ya daraja jipya ni muda na mafuta ambayo magari hayo yataokoa, ikilinganishwa na gharama. Faida za baadaye zinapunguzwa thamani. Kwa kiwango cha asilimia 12, ambacho mabenki ya maendeleo yamekitumia sana, shilingi 100 za miaka 20 ijayo ni kama shilingi 10 leo. Mtoto anayezaliwa Makere wiki hii, siku atakapokuwa na gari, atakuwa ameshakatwa asilimia 90.

Unaona mtego ulipo? Magari ni machache kwa sababu barabara na madaraja ni mabovu. Madaraja hayajengwi kwa sababu magari ni machache. Na yule aliyebeba ndizi na maharage kwenye baiskeli, mrithi wa wabeba chumvi wa Uvinza, hata akichorewa kijiti chake, haokoi lita hata moja ya dizeli, kwa hiyo kwenye faida yupo kama hayupo. Ubovu alioachiwa na historia unaingizwa kwenye hesabu kana kwamba ni tabia yake. Wakoloni waliona Buha haina mizigo, wakajenga kwa ajili ya watu wasio na mizigo. Miongo mingi baadaye kompyuta inathibitisha kwamba kweli, hakuna mizigo.

Sisemi hesabu zitupwe. Nchi yenye mito mingi na fedha kidogo lazima ichague, na mbadala wa hesabu ni daraja kujengwa kwa waziri. Wataalamu wenyewe wana njia za kurekebisha: wanakadiria magari yatakayozaliwa na barabara mpya, na wanatakiwa pia kupima ile njia ya tatu inayosahaulika, ya kutofanya kitu. Kutofanya kitu nako kuna gharama. Mjamzito aliyekwama ng'ambo ni gharama. Lori la mahindi lililolala siku nne tope likikauka ni gharama. Shida ni kwamba gharama hizo hazikai kwenye daftari la mtu yeyote Dodoma. Zinakaa kwenye kaya.

Angalia jinsi mto huu hatimaye ulivyohesabiwa. Kule chini, daraja lenye urefu wa mita 275 lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, likafunguliwa 2015 na kupewa jina la Kikwete. Huku juu, mwishoni mwa 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha fedha za lami kwa kilomita 260 kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu. Lakini tazama jina la mradi: ni wa nchi mbili, umeunganishwa na barabara ya Rumonge hadi Gitaza upande wa Burundi. Kasulu na Kibondo zilipata uzito zilipokuwa njia ya kwenda kwa jirani. Nafurahi kwamba lami imekuja, sana tu, baba mdogo naye kafurahi. Ila kama Burundi isingekuwa pale, ningependa kuona kijiti cha mwenye baiskeli kingepewa thamani gani.

Na lami inaleta kazi mpya. Magari yakikimbia, yanakuwa mazito na mengi, na madaraja madogo na makalavati ya barabara zinazoingia kwenye barabara kuu kutoka vijijini yanabaki ya zamani. Hayo ndiyo yatakayodai upembuzi unaofuata, na mengi yako kwenye vijito visivyokuwa na kipimo hata kimoja cha maji. Wahandisi wana njia ya zamani ya kuziba pengo hilo, nayo huandikwa kabisa kwenye ripoti: wanauliza wazee. Maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika kwenye mti upi? Yale ya mwaka wa Uhuru, 1961, yaliingia nyumba ya nani? Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa ameshapita sabini. Timu ikifika kijijini ianze na huyo, mchana huo huo, mtambo wa kuchoronga unaweza kusubiri kesho.